Mama Mkwe Alivyonikuta Ndani ya Dera

Jamani, leo sura yangu nimeiacha mjini Eldoret na sijui nitaenda kuichukua lini.

Kwa wasionijua, mimi hufundisha ujasiriamali chuoni. Kuuza, sijawahi kuuza hata kiberiti. (Mimi ni mtu wa mshahara. Ukitoka.) Wanafunzi wangu wamejaa darasani mpaka wengine wanakaa dirishani, na wote wanataka kuajiriwa. Majuzi niliwaambia kila mtu aandike mpango wa biashara. Nikaletewa kuku wa kienyeji. Kurasa na kurasa za kuku wa kienyeji! Mmoja alinakili mpaka jina la mwenzake.

Basi leo asubuhi nikawaka. Nikawaambia shida yao ni uoga, kwamba mtu akizijua kanuni za soko anaweza kuuza chochote. Msichana mmoja anaitwa Chebet, hukaa mbele na kulala vizuri sana, akainua mkono.

"Dakta, na wewe umewahi kuuza nini?"

Darasa likalipuka. Mtu mwenye akili angecheka, aendelee na somo. Mimi nikasema, "Saa nane tukutane mjini. Mtaona."

Walikuja! (Kipindi cha saa mbili asubuhi huwa hawafiki, lakini kuja kuniona nikiaibika walifika mapema.) Nikaenda kwa Mama Halima, mama wa Garissa mwenye duka la madera, ambaye mke wangu ni mteja wake. Nikamwomba madera kumi niyauze hapo nje ya duka. Akaitazama suti yangu.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Ni somo, Mama."

Nikasimama kando ya barabara, nikaanza. "Habari za mchana. Bidhaa hii inakidhi mahitaji ya mteja wa kipato cha kati..." Mama mmoja akaniuliza mimi ni wa kanisa gani. Mwingine akanipita akiwa ameukumbatia mkoba wake. Nusu saa, hakuna kitu. Chebet alikuwa anaandika. Sijawahi kumwona Chebet akiandika.

Mama Halima akashindwa kuvumilia, akatoka nje.

"Wallahi, nani atanunua nguo imekunjwa kama gazeti? Ivae, watu waone!"

"Mimi?"

"Kwani nani anauza?"

Wanafunzi wakaanza: "Vaa! Vaa!" Nikavaa. La njano, maua makubwa, juu ya suti na tai. Nikazunguka kidogo. (Hakuna aliyeniambia nizunguke.)

Na watu wakasimama! La kwanza likaenda. La pili likaenda. Damu ikachemka. Nikapanda juu ya kreti ya soda, nikapaza sauti: "Akina mama! Dera ya kukaa, dera ya kutoka, dera ya kumnyamazisha jirani! Njoo ushike!" Nikakata kiuno. Wanafunzi wakashangilia.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, polepole:

"Baba Kemboi?"

Mama mkwe. Ametoka kijijini Chepsaita, kikapu mkononi. Mama ambaye tangu nimuoe binti yake sijawahi hata kukohoa mbele yake. Ananitazama kuanzia maua mpaka viatu.

Nikajaribu kulivua lile dera haraka. Likanasa kwenye miwani. Sasa kichwa kiko ndani, mikono iko juu, niko kwenye kreti. Nikamsalimia nikiwa humo humo.

"Chamge, Mama."

"Wooi! Wamekufuta kazi?"

"Hapana, Mama. Nafundisha."

"Unafundisha nini?"

Nikalivuta lile dera, likazidi kunasa.

Akaweka kikapu chini, akaanza kuomba. Kwa sauti! Akaomba kazi yangu irudi. Akaomba akili yangu irudi. Akaomba watoto wasinifuate. Wapita njia wakavua kofia. Mmoja akasema, "Maskini, eti alikuwa mwalimu." Wakanunua madera yote yaliyobaki kwa huruma. Hata lile la njano, walinisaidia kulivua, kisha likanunuliwa.

Chebet akainua mkono, palepale barabarani. "Dakta, hii ya maombi itakuja kwa mtihani?"

Nimefika nyumbani Kapsoya nikamkuta mke wangu mlangoni, machozi yanamtoka. Nikadhani amenihurumia. Kumbe ni kicheko; Mama Halima amemsimulia yote kwa simu. Naye amempigia mamake kumweleza kwamba lilikuwa somo tu. Mama amekataa. Anasema mwanamume akifutwa kazi, hivyo ndivyo husema. Jumapili anakuja na wazee wawili wa kanisa kuketi na mimi.

Kwa hivyo wacheni kucheka, mnisaidie. Mtu huanzaje kumweleza mzee wa kanisa kwamba alikata kiuno kwa ajili ya silabasi?