Wimbo wa Mama na Ng'ombe wa Malachy

Jumatano, 6 Machi
Mvua tena. Dada yangu Dympna kapiga simu toka Boston. Anafika Jumamosi, na anataka kusikia wimbo wa Mama, ule wa mwanamke anayefua mashati ya mume aliyehamia ng'ambo. Nikamjibu nitamwimbia mwenyewe. Ulimi hauna mfupa! Wimbo ule ni wa Malachy Tuohy, mpiga kodiani wa kundi letu. Mama alimfundisha yeye, si mimi. Na hapa Kilbranna wimbo una mwenyewe: akiwemo ndani, mwingine hathubutu kuuimba. Miaka kumi na tisa tangu tumzike Mama, mimi napiga ngoma, Malachy anaimba. Na mwanawe wa kumzaa ni mimi!

Alhamisi, 7 Machi
Mpango wa kwanza. Nimemnunulia Malachy aiskrimu tatu kwenye baridi hii, sauti imkauke. Kala zote, kashukuru, kaondoka akiimba. Nilikula moja ili asinishuku. Sasa ninakohoa mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Baa ya Concepta ilijaa. Dympna kakaa mbele na leso yake. Nikamnong'oneza Malachy kwamba ng'ombe wake katoka, yuko barabara ya kanisani. Akatimua mbio kwenye mvua, hata kofia kaacha. Mungu anisamehe.

Nikaanza. Ubeti wa kwanza, safi. Wa pili, haba na haba. Wa tatu, kichwa kitupu! Nilimwona Mama karoni, mikono ina povu, nikashikwa na kwikwi. Mlango ukafunguka: Malachy, kalowa chapachapa. Nikajua leo nimekwisha.

Akaketi kando yangu. Akanishika mkono, akawa anauzungusha polepole, kama wazee wetu wanavyomfanyia mtu aliyebeba wimbo mzito. Akaninong'oneza neno la kwanza la ubeti. Tukaenda hivyo hadi wa tisa, yeye akinipa neno, mimi nikiimba. Nililia, sifichi. Dympna naye.

Baadaye nikamwomba radhi kwa uongo wa ng'ombe. Akasema uongo gani, amemkuta barabarani kweli, anatafuna maua ya padri. Kisha akasema taratibu, “Mama yako aliniachia nikutunzie tu. Alisema wewe ukiusikia unalia, hufundishiki. Leo umeufikisha mwisho. Chukua, bwana, ni wako.”

Nikampa kofia yake.

Jumatatu, 11 Machi
Furaha ya siku mbili! Jana nilimsihi Malachy atuimbie wimbo wa Mama. Akakataa katakata: mwenyewe si huyu hapa? Sikuwa nimelifikiria hilo. Malachy huvuta pumzi pale pale alipovuta Mama. Nikifumba macho namsikia Mama. Na sasa, maadamu nimo ndani ya baa, sitamsikia tena.

Lakini nina mpango. Jumatano nitatangaza naumwa, kikohozi ninacho tayari. Nitajificha stoo, nyuma ya mapipa ya bia. Dympna atamwomba Malachy wimbo, na kwa kuwa mwenyewe hayupo, ataimba. Concepta kakubali kunificha, ila nisilie kwa sauti. Safari hii hakuna kitakachoharibika.