Mguu Wangu wa Heri Umeninyima Likizo

Etobicoke, Toronto
Januari 2010

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka ghorofa ya saba, ambako baridi ni kali lakini tunashukuru tungali hai. Naomba nafasi katika jarida letu la Wakenya wa Toronto nieleze masaibu yangu kwa utulivu, ingawa utulivu wenyewe nimeuazima. Mimi ni muuguzi, Mmeru, mwanakwaya, na sina ugomvi na mtu. Ninataka jambo moja tu: kwenda Meru mwezi ujao kumwona mama yangu. Siwezi, kwa sababu ya mwaka mpya wa Wavietnamu.

Usicheke kwanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Majirani zangu wa mlango wa pili, Baba Linh na Mama Linh, ni watu wa Vietnam. Miaka miwili iliyopita nilikaanga mandazi mengi kuliko tumbo langu. Kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, nikayatia kwenye beseni, nikapiga hodi kwao na papo hapo nikaingia, maana kwetu hodi ni ya kuwaarifu watu kwamba umeshafika. Kumbe ilikuwa asubuhi ya mwaka wao mpya! Kwa mila yao, mtu wa kwanza kukanyaga nyumba siku hiyo ndiye anayeleta bahati ya mwaka mzima, njema au mbaya, na mtu huyo huchaguliwa na kualikwa mapema. Wao walikuwa wakimsubiri tajiri mmoja mwenye maduka. Wakanipata mimi na beseni langu.

2. Kama mwaka ule ungewaendea vibaya, leo ningekuwa huru. Lakini binti yao Linh, aliyekuwa amehangaika kwa madaktari hadi akachoka, akapata mimba. Duka lao la kutengeneza kucha likajaa wateja mpaka wengine wakapanga foleni nje kwenye theluji. Goti la Baba Linh likapona. Mandazi yale yale niliyala mimi pia, ndugu yangu, na goti langu linauma mpaka leo.

3. Mwaka jana wakanialika rasmi. Nilikwenda kukataa, nikawekewa mjukuu wao mikononi kabla sijafungua mdomo, nikashindwa. Safari nikaiahirisha. Mama alisema si neno. Mama yangu akisema si neno, ujue neno lipo.

4. Masharti. Nisivae nyeusi. Nisikunje uso. Nisiwe na msiba. Hili la mwisho limenifikisha pabaya, kwa sababu niliwapigia simu jamaa zangu Meru nikawaomba kwamba yeyote anayekusudia kufa asubiri sikukuu ipite, au basi nisiambiwe. Kaka yangu alinikatia simu, na alifanya vizuri.

5. Mwezi. Hospitalini likizo hutolewa kwa ukongwe wa kazi. Julai na Desemba ni za wakongwe. Sisi wengine tunaachiwa majira ambayo hata mbwa hataki kutoka nje. Sasa sikukuu hii haina tarehe ya kudumu, inafuata mwezi mwandamo. Mwaka jana niliomba likizo ya mwisho wa Januari, ikaniangukia hapo hapo. Mwaka huu nikakimbilia katikati ya Februari, nikakata tiketi, kumbe nayo imenifuata huko huko. Bi Gulshan wa ghorofa ya nne hufuata mwezi kwa Idi yake, lakini Idi ya Bi Gulshan haijawahi kunizuia kusafiri. Tena huniletea sambusa.

Kwa hiyo naomba chama chetu kiwaandikie viongozi wa Wavietnamu, kwa heshima zote, wahamishie mwaka mpya wao mwezi wa Julai, angalau kwa ghorofa ya saba. Wakikataa, chama kiunde kamati ya kukagua miguu ya wanachama wote ili apatikane mwingine mwenye heri wa kunipokea zamu. Hilo nalo likishindikana, serikali ya Kanada iutangaze mguu wangu kuwa huduma muhimu kwa umma, ili hospitali inipe likizo ya Desemba bila maswali.

Nafanya mzaha, Mhariri, lakini inaniuma. Macho ya mama yanafifia. Kila nikipiga simu huniuliza kama nimenenepa, kwa maana hajui tena nafananaje.

Wasalimu wanakamati wote, wanakwaya wa sauti ya pili, na wote wanaonidhania kwamba ninaringa kwa kutohudhuria mikutano.

Wako katika ujenzi wa jumuiya,
Prudence Nkirote

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha Mama Linh alipokuja na machungwa na uso wa kunihurumia. Anasema kwao kila mwaka una mnyama wake: unaoingia ni wa chui milia, na mimi, kwa mwaka niliozaliwa, ni nyoka. Mimi, mwanakwaya! Nyoka na chui milia hawapikiki chungu kimoja, kwa hiyo wamemchagua Kuria wa ghorofa ya tisa, ambaye kwa hesabu zao ni mbwa. Mama Linh amenishukuru sana, akanitakia safari njema, akasema machungwa mengine nimpelekee mama.

Kuria, Mhariri! Mtu asiyeweza kukaanga hata yai! Katika jiji lote hili ulikuwepo mlango mmoja tu ambao watu wazima walisimama nyuma yake, wamevaa vizuri, wakiningoja mimi niingie. Nimelia, sikufichi. Tafadhali ichane barua hiyo ya juu. Badala yake, chama kitoe tamko la kulaani ubaguzi dhidi ya nyoka.

Safari nimeiahirisha tena. Asubuhi hiyo nitakuwa hapo kwenye korido, nimeoga, nimetabasamu, endapo Kuria atapitiwa na usingizi. Mama nimempigia, nikamwambia siku hiyo theluji itakuwa nyingi mno, ndege hazitaruka. Akaniuliza nimeijuaje leo theluji ya mwezi ujao.