Muuaji Katika Daftari la Wageni

Jumamosi, 23 Machi
Nimefika mlimani. Theluji hadi dirishani. Jiko linatoa moshi mwingi kuliko joto. Alhamisi televisheni inaanza kuonyesha riwaya yangu ya upelelezi. Sehemu ya mwisho Jumatatu ya Pasaka. Nchi nzima itajifungia katika vibanda vya mlimani kumsaka muuaji, kama ilivyo desturi yetu kila Pasaka: likizo, theluji na hadithi za mauaji. Na safari hii muuaji ni wangu!

Kubwa zaidi, Ingvild anakuja. Binti yangu hajakanyaga hapa tangu tumzike mama yake, miaka miwili sasa. Marehemu Gudrun alikuwa akimsomea kitabu changu kwa simu, sura moja kila Jumapili. Alikufa zikiwa zimebaki mbili. Ingvild hajazigusa. Anataka tuuone mwisho pamoja, kwa sharti moja: nisimwambie muuaji ni nani. Nimeapa. Nimelia kidogo. Moshi nao umechangia.

Jumapili, 24 Machi
Wamenitumia sehemu ya mwisho niione kabla ya watu. Washenzi! Muuaji wangu wamemwondoa, wameweka nahodha wa kivuko. Nimempigia Benedikte, mtayarishaji. Akanieleza kwa upole kwamba muuaji wangu mimi kila mtu humjua kufikia sura ya tatu. Nikamkatia simu. Kisha nikampigia tena kumjulisha kwamba nilikata kwa hasira.

Jirani Oddmund kaja kuazima shoka. Nikammwagia yote. Akacheka hadi akakaa chini. “Wewe nawe, Torleiv! Ukishauza ng’ombe, unauliza kachinjwaje?” Nimemnyima shoka.

Jumanne, 26 Machi
Mpango! Anayemjua muuaji mapema hatazami. Wasipotazama, Benedikte atanikoma. Kila anayetoka kituo cha treni hupita kwenye kibanda cha wapita njia, hupumzika, humenya chungwa, husoma daftari la wageni. Neno moja humo, na mlima mzima umejua.

Nimekwenda kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini. Kilomita sita, upepo wa kukata masikio. Nimeanguka mara nne. Kibandani hakuna mtu. Nikaandika kwa herufi kubwa: MUUAJI NI NAHODHA WA KIVUKO. Nimerudi nikipiga mluzi. Hakuna atakayenijua!

Jumatano, 27 Machi
Oddmund kaja mbio, hata hodi hakupiga. Kalisoma daftari. Kaniuliza kama nimerukwa na akili. Kumbe chini ya maandishi nimeweka jina langu kamili, tarehe, nilikotoka na ninakokwenda. Mkono ulijiendea wenyewe! Miaka sitini sasa tangu baba anifunze: usipojiandikisha, ukipotea watakutafutia wapi? Oddmund anasema hapa watu husamehe hata mwizi wa kuni, lakini hili hapana. Kaondoka bila kuaga.

Ndipo nikakumbuka. Kesho Ingvild anapita pale pale! Nikataka kwenda kuuchana ule ukurasa. Dhoruba. Sioni hata choo changu. Nikampigia simu, nikamwambia asisimame kibandani, kuna panya. Akacheka, akasema, “Baba, mimi ni daktari wa wanyama.”

Alhamisi, 28 Machi
Angefika saa nane mchana. Saa kumi, kimya. Nikavaa skii nikamfuata. Kibandani hamna mtu. Maganda ya chungwa mezani, bado mabichi. Daftari liko wazi. Chini ya maandishi yangu, mwandiko wake. Jina. Tarehe. Atokako: Bergen. Aendako: “Nilikuwa nakwenda kwa baba. Narudi Bergen.”

Nimekaa pale hadi vidole vikafa ganzi. Gudrun angenisema wiki nzima. Laiti angekuwapo wa kunisema.

Jumatatu, 1 Aprili
Nimetazama mwisho peke yangu. Nahodha kakamatwa. Sikusikia hata alivyojitetea. Benedikte kapiga simu ya shukrani: picha ya lile daftari imesambaa, watazamaji wameongezeka maradufu. Ingvild hapokei simu zangu.

Nimewaza sana. Mtoto kaumia kwa sababu anadhani mwisho ule ndio ambao mama yake angemsomea. Sivyo hata kidogo! Nimemtumia ujumbe wa kumtuliza: mwanangu, usihuzunike, nahodha ni uongo wa televisheni. Katika kitabu chako na mama, muuaji ni daktari wa meno.

Ujumbe umefika. Ameusoma. Bado hajajibu. Nadhani anatafuta maneno ya kunishukuru.