Nafasi ya Nne Inatosha

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mjukuu wangu ataingia marathoni Jumapili. Msichana mmoja wa klabu ya mbio ya mtaa ameugua, na kocha hataki nafasi ibaki wazi. Kocha huyo tunamwita Filimbi, maana hajawahi kuonekana bila filimbi shingoni, hata msibani. Amesema mbele ya watu kwamba mjukuu wangu anakimbia kama mtu anayefukuza kuku wa jirani, lakini angalau atajaza safu. Mtaa mzima umecheka.

Mimi sikucheka. Humwona kila asubuhi akipandisha gunia la unga ngazi zote za duka la mikate anakofanya kazi, na akifika juu anaimba. Anaimba! Katika mtaa huu, ni mimi peke yangu ninayeamini kwamba anaweza kushinda. Ndiyo maana nimekosa raha.

Wasichana watatu wa kwanza watachukuliwa kambi ya mazoezi, mji mwingine, miaka miwili. Na nyumbani tuko wawili tu, yeye na mimi. Wengine niliowapenda nimewazika, au tulipotezana njiani tulipokimbia kutoka kwetu. Nimezoea mengi. Hili sitaki kulizoea.

Uamuzi: ashike nafasi ya nne. Ni nafasi ya heshima. Mimi si mtu mbaya.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kumshibisha. Tumbo zito, miguu mizito. Nimepika wali na viazi, na mikate pembeni. Wali umeungua chini. Nimemwambia ndivyo unavyopikwa siku hizi. Amekula wote, amekwangua sufuria, ameuliza kama kuna mwingine.

Mara Filimbi akabisha hodi. Akachungulia sahani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kumbe wakimbiaji hushindiliwa chakula hivyo hivyo juma la mbio! Akasema hakujua kama Mzee ni mtaalamu. Nami, mpumbavu, nikajisikia fahari kidogo.

Jirani wa chini, muuguzi mstaafu, ameuliza kupitia dirishani kama awaite zimamoto au asubiri kidogo. Nimefunga dirisha.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili: kuugua. Leo Filimbi alipanga mazoezi makali ya mlimani. Nikajifunika blanketi mpaka kidevuni na kuguna. Mjukuu akaacha mazoezi, akakaa kitandani pangu mchana kutwa akinisomea gazeti, maana macho yangu sasa yanaona vichwa vya habari tu. Siku tamu! Alisoma mpaka matangazo ya vifo, kwa sauti ya kuchekesha, nikasahau kuguna.

Muuguzi alipanda na kipimajoto chake. Alikitazama, akanitazama. Akasema: "Homa huna, Mzee. Ulichonacho ni mjukuu." Wanawake wengine hawana adabu.

Jioni habari zimefika. Wasichana wawili hodari wa Filimbi wamechanika misuli huko mlimani. Wangu amelala kama mtoto mchanga, amepumzika. Nani alimwambia Filimbi awachoshe watu siku tatu kabla ya mbio? Hovyo kabisa!

Jumamosi, 8 Machi

Bahati imekuja yenyewe mlangoni. Kiatu chake kimoja kimeachama soli, na kesho ndiyo mbio. Ameniletea: "Babu, we si fundi?"

Fundi ndiyo. Nimejalidi vitabu maisha yangu yote, huko kwetu na hapa, na gundi zangu bado zipo kabatini. Nikakoroga uji wa unga, mwepesi, ule unaoyeyuka kwa jasho. Nikapaka. Nikasubiri ukauke. Nikakitazama kiatu, kazi mbovu imekaa pale mezani kwangu, juu ya gazeti langu, chini ya taa yangu. Nikatoka nje. Nikarudi.

Nimebandua yote. Nimesugua, nimepaka gundi ya kweli, nimekibana kwenye mashine yangu ya kubania vitabu, nimepitisha uzi wa nta kwa mishono niliyokuwa nikishonea kamusi. Kisha nimekishona na cha pili, wafanane. Viatu hivi vitaishi muda mrefu kuliko mimi. Mkono wangu ni msaliti, na siwezi kuufukuza nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Mpango wa mwisho. Nilibeba kiti changu hadi kona ya mwisho kabla ya uwanja wa kumalizia. Akitokea, nianguke. Kishindo kidogo tu, cha mzee. Angesimama. Nilijua bila shaka kwamba angesimama, na kwa sababu hiyo sikuweza kunywa chai yangu.

Akapita wa kwanza, ameshika mbavu. Akapita wa pili, anachechemea. Wa tatu nilimtambua kwa shingo kabla sijauona uso.

Siku tulipoondoka kwetu, marehemu mke wangu alitangulia na mtoto mgongoni, mama yake huyu, na hakugeuka hata mara moja. Mimi nilikuwa nyuma, nikilalamikia vitabu nilivyoviacha. Njia nzima niliitazama shingo hiyo hiyo. Ndiyo iliyonifikisha.

Nilisimama ili nianguke. Badala yake nikajikuta napiga kelele: "Twende, mama, twende! Wamechoka hao!" Nikakimbia kando yake, kiasi cha upana wa duka la viatu. Kandambili moja ikabaki barabarani. Naye, mtoto huyu, baada ya njia yote hiyo, akacheka. "Babu, utaanguka!" Akapita.

Ameshinda. Wa kwanza! Nikamgonga askari wa barabarani, tukakumbatiana.

Filimbi aliwaambia waandishi wa habari kwamba kipaji kile alikiona zamani. Wakamuuliza mshindi kocha wake ni nani. Akasema Babu. Filimbi nusura ameze filimbi.

Jumanne, 11 Machi

Anaondoka Jumamosi. Nimefikiri sana, kwa utulivu. Mtu hawezi kumfungia mtoto ndani kama kikombe cha wageni. Aende. Nilimwambia hivyo, akalia, nikalia, na Muuguzi aliyekuja kuomba chumvi akalia pia, ingawa hakuambiwa ni kwa nini. Nimeapa: mipango basi. Nimeacha kabisa.

Kisha nikapiga simu kambini, kuuliza tu kama vitanda vina neti. Mkuu wa kambi, mama mmoja mwenye heshima, akauliza kama mimi ndiye yule Babu wa gazetini. Nikasema ndiye. Akauliza natumia mbinu gani. Nikasema ni siri. Akasema wasichana wote wa kambi wangefaidika. Sikukataa upesi kama inavyotakiwa. Nimepewa chumba.

Tunaondoka pamoja Jumamosi, na tiketi mkononi, na watu wa kutuaga kituoni. Sijawahi kuondoka mahali kwa namna hiyo. Mjukuu amechekelea, kisha akauliza taratibu kama najua nitakachowafundisha. Nimemwambia asinitie wasiwasi, kuna siku nne nzima.

Muuguzi ananieleza goti linavyofanya kazi. Ni kitu kigumu kuliko nilivyodhani.

Ila nasikia huko kambini yuko kocha mkuu tayari, mtu wa vyeti, na eti chumba chake kina dirisha kubwa kuliko changu. Tutaona.