Mapigo Tisini na Nane

Jumatatu, 3 Machi
Tovuti ya duka la mpima macho nimepewa mimi! Mimi! Miaka miwili napita mbele ya kioo chake nikijifanya natafuta duka la viatu. Binamu yangu, ninayegawana naye ofisi, ataandika maneno tu. Maneno nani anasoma siku hizi? Yaliyonishinda mdomoni nitamwambia kwa CSS, lugha ya kupambia tovuti.

Jumanne, 4 Machi
Kitufe cha "Weka miadi" sasa kinadunda kama moyo. Nimejipima mwenyewe, kidole shingoni: mapigo sabini na mbili kwa dakika. Nikamfikiria yeye: tisini na nane. Nimeweka tisini na nane. Miwani inaingia kutoka kushoto, inazunguka mara tatu. Herufi nazo zinatetemeka, kwa haya. Binamu kasema nitawatia watu kichefuchefu. Wivu tu huo.

Alhamisi, 6 Machi
Tovuti iko hewani tangu jana. Nimepita dukani. Foleni mpaka mlangoni! Kichwa kikavimba. Kumbe wote wanalalamika kwamba wakitaka kuweka miadi wanaona herufi zinatikisika. Mpima macho kawapima kutwa, macho mazima. Mama mmoja alikuwa analia, anaulizia upasuaji. Mpima macho akaniuliza kama nina fununu yoyote. Alikuwa hoi, nywele zimemwangukia usoni, nami nilitamani kuzirudisha nyuma ya sikio. Nikasema labda vumbi. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Machi
Kapiga simu! Kasema tovuti ameipenda mno kwa jinsi ilivyotulia. Ilivyotulia? Akaeleza kwamba vitu vinavyochezacheza humpa kizunguzungu, hivyo kwenye simu yake alishazima miondoko yote, na tovuti yangu, tofauti na nyingine, imemheshimu. Binamu kakiri: alichomeka mistari mitatu ya CSS inayozima miondoko kwa watu wa aina hiyo. Basi hajaona hata pigo moja! Mpima macho akauliza nani aliandika yale maneno mazuri. Akaomba namba ya binamu. Nikampa. Sauti yake ilikuwa laini ajabu. Nilitaka aendelee kuongea, hata kama ni habari za binamu. Imeniuma sana.

Jumamosi, 8 Machi
Wamekwenda kunywa chai, wawili wao. Binamu kanyoa ndevu, kavaa shati langu. Nimebaki ofisini, nimewaza, nimelijua tatizo. Mistari yake mitatu nimeifuta. Nimeongeza maua mia mbili yanayomwagika kutoka juu bila kukoma. Akipata kizunguzungu, atajua ni mimi.