Nafasi ya Blessing na Kidude cha Waifai

Jumanne, 24 Septemba 2024. Ilula.

Leo nimeapa. Nimeapa mbele ya mke wangu Sarah, na binti yetu Blessing akisikiliza kwenye simu kutoka Igawa. Sasa siwezi kurudi nyuma hata nikitaka. Na sitaki!

Habari yenyewe ni hii. Blessing amechaguliwa chuo cha uuguzi Mbeya. Wa kwanza katika ukoo wetu! Lakini chuo kinataka nafasi ithibitishwe kwenye mtandao, mwisho Jumatatu tarehe 30, saa kumi jioni. Usipothibitisha, anapewa mwingine. Blessing yuko kwa dada yangu, anamsaidia kuuza mchele barabarani, na simu yake ni ya batani. Yangu ni ya kioo, lakini mfumo wa chuo unataka kompyuta, kwa hiyo kazi imebaki kwangu, baba mwenye steshenari.

Kompyuta ninayo. Ya mezani, nzito, niliinunua ofisi moja ya mradi wa nyanya ilipofungwa. Ina kasoro moja tu, haina waifai. Tangu ije kwangu haijawahi kuonja intaneti.

Ng'ambo ya barabara kuna steshenari ya Timotheo, mdogo wake Sarah. Shemeji yangu. Ana laptop, ana intaneti, ana hata kiti kinachozunguka. Sarah kasema niende kwa Timotheo, ni dakika tano. Nimemwambia baba mwenye kompyuta yake hapeleki maisha ya mtoto wake kwa shemeji. Juzi tu huyo Timotheo alisema mbele ya wateja kwamba kompyuta ya Zabron, yaani mimi, habari za intaneti inazisikia redioni. Watu wakacheka. Mmoja wao ni mteja wangu!

Basi mpango ni huu: naiwekea waifai kwa bei rahisi, nathibitisha mwenyewe, halafu namwita Timotheo aje aone. Karatasi yenye paswedi ya chuo nimeiweka kwenye droo ya meza. Sasa naenda kwa kinyozi.

Jumatano, 25 Septemba

Nimekwenda Iringa mjini, duka la vifaa vya kompyuta. Dada muuzaji kanionyesha kidude kidogo, unakichomeka kwenye tundu la flashi, kompyuta inapata waifai. Akataja bei. Nikamuuliza kama kinakuja na kompyuta yake. Nikaaga kwa heshima.

Nje, hatua kumi tu, machinga amepanga vichaja na takataka nyingine. Nikaona kidude kile kile! Tena kidogo zaidi, kizuri zaidi. Nikamuuliza kama ni cha bila waya. Akasema ndiyo baba, hicho hakina waya kabisa. Bei ya soda mbili. Nikampa hela kabla hajabadili mawazo. Nikarudi mlangoni kwa yule dada nikamwonyesha kwa mbali. Watu wa mjini wanadhani sisi wote ni wa kuja jana!

Nyumbani Sarah akakitazama, akasema rahisi huvunja upishi. Nikamwambia hapa hatupiki. Nikachomeka. Kompyuta ikalia ting! Ikaandika kwamba imepata mausi mpya. Nikachomoa, nikajaribu tundu lingine. Mausi mpya. Tundu la nyuma. Mausi. Kumbe ni kile kipande kinachochomekwa cha mausi isiyo na waya, na mausi yenyewe haipo. Nimenunua nusu ya mausi.

Machinga hakunidanganya, nakiri. Nilimuuliza habari za waya, akanijibu habari za waya.

Alhamisi, 26 Septemba

Nikiwa napiga mswaki likanijia wazo baya. Hata ningepata kidude cha kweli, waifai yenyewe ya kukamata ningeitoa wapi? Sina. Upande huo nilikuwa sijaufikiria. Sikumwambia Sarah.

Lakini Zabron hakwami! Nyuma ya duka langu kuna ofisi ya usharika, na simu yangu inaiona waifai yao vizuri sana. Ila ina paswedi. Wanaoijua ni mchungaji, mhasibu na wanakwaya, maana wanakwaya wanapakua nyimbo. Basi nimejiunga na kwaya.

Mwalimu wa kwaya, Sosthenes, alishangaa. Miaka kumi na miwili ananiona benchi la mwisho, karibu na mlango, naondoka kabla ya matangazo. Nikamwambia nimeguswa. Akaniimbisha do mpaka do. Akaniomba nirudie. Akamwita mtu wa pili aje asikie. Mwisho wakanipa besi, mstari wa nyuma, na Sosthenes akanishauri kwa upole niwe nafungua mdomo zaidi kuliko kutoa sauti. Sikujali. Baada ya mazoezi ya saa mbili, nimesimama mpaka magoti yanalia, wakanipa paswedi. Nusu ya vita nimeshinda.

Jioni Timotheo kapita. Tukasalimiana, kamwene shemeji, kamwene. Akaniuliza kama kanisani leo kulikuwa na ng'ombe mgonjwa. Nimemwambia Mungu anamwona.

Ijumaa, 27 Septemba

Siku mbaya. Blessing kapiga simu. Akauliza kama nimeshathibitisha, maana wenzake wote wameshathibitisha. Nikafungua mdomo niseme bado. Likatoka "tayari, mwanangu". Sijui lilitokea wapi! Blessing akasema asante baba, ngoja amwambie shangazi. Nikasikia vigelegele vya dada yangu mpaka nikaiondoa simu sikioni.

Nikakaa. Nikaona aibu, aibu kweli, hapa siandiki kwa mzaha. Mtoto huyu alisoma daftari lake limelala juu ya tenga, huku mikono inapanga nyanya. Akikosa chuo kwa ubishi wangu nitamtazama vipi usoni? Nikasimama niende kwa Timotheo yaishe. Nilifika katikati ya barabara. Nikamwona kwenye kiti chake, anazunguka. Anazunguka taratibu, anakunywa soda. Lori likanipigia honi. Nikarudi dukani.

Badala yake nikachukua hela kamili, nikaenda Iringa. Yule dada akanitambua mara moja. Akasema kidude cha mwisho kimenunuliwa jana, vingine vinakuja wiki ijayo. Akaniuliza kile changu cha pale nje kinaendeleaje. Nikasema vizuri.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimeifungua kompyuta kwa bisibisi nione kama waifai imo ndani ila imelala. Haimo. Kuna vumbi la tangu enzi za mradi, na maganda ya karanga. Nilipofunga zikabaki skrubu mbili. Inawaka hata bila hizo. Nadhani kiwandani wanaweka za akiba.

Mazoezi ya kwaya tena. Saa tatu!

Jumapili, 29 Septemba

Niandike taratibu.

Nimeimba. Joho nililopewa linaishia magotini, lakini nimeimba. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka kama kawaida. Wasio na fedha wameleta mayai, maboga, kuku, parachichi, na washarika wananunua, hela inaingia kanisani. Mnadishaji ni mzee wa kanisa Dastan, mtu mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Kauza kuku watatu. Kauza tenga la nyanya. Kisha akainua kitu kidogo, akakigeuzageuza, akasema hiki katoa mzee Kasian. Mwanawe alimnunulia zawadi mjini bila kukumbuka kwamba baba hana kompyuta. Dastan akasema yeye hajui ni nini, ila kipo kwenye boksi lake.

Kidude cha waifai! Chenyewe! Mungu anajibu hata besi!

Nikaanza na elfu mbili. Kimya. Nani mwingine anahitaji kidude? Dastan akahesabu moja, akahesabu mbili, na Timotheo akanyoosha mkono. Elfu tano. Cha nini? Mtu ana laptop! Nikapanda. Akapanda. Akina mama wakaanza kushangilia, wenzangu wa kwaya wakaanzisha pambio, na mimi jasho linanitoka ndani ya joho. Nikapanda mpaka bei ya majogoo watatu, hela yote niliyokuwa nayo. Timotheo akashusha mkono akicheka. Kikawa changu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mtu akinunua kwa bei kubwa vile haondoki tu na kitu mfukoni. Mnadishaji lazima amuulize, ndugu mnunuzi, unakipeleka wapi? Wengi husema ninacho, nakwenda nacho nyumbani, na wanapigiwa makofi ya kawaida. Wenye moyo mkubwa husema narudisha kwa Bwana, kiuzwe tena. Hao hupigiwa vigelegele mpaka wasafiri barabarani wanachungulia madirishani mwa mabasi.

Dastan akauliza. Usharika mzima ukanigeukia. Mchungaji akatabasamu. Timotheo naye ananitazama. Na mimi nimevaa joho.

Nikasema narudisha kwa Bwana.

Jamani, vigelegele! Mama mchungaji alinishika mikono yote miwili. Sosthenes alinianzishia pambio la peke yangu, jina langu likiwa ndani. Nilipunga mkono kama mbunge. Bado napunga, nikasikia Dastan anaanza upya, elfu mbili, nani? Mfukoni nina funguo tu. Timotheo akakichukua kwa elfu mbili na mia tano. Alipoulizwa anakipeleka wapi, akasema nyumbani.

Tuliporudi Sarah kanipakulia nyama nyingi. Sielewi.

Jumatatu, 30 Septemba

Siku ya mwisho. Saa mbili asubuhi nilikuwa dukani nimeshika kichwa. Timotheo akaingia, akaweka kidude mezani. Akasema shemeji chukua, jana niliona ulivyokuwa unakiaga kwa macho. Nikamshukuru kwa kifupi.

Nikachomeka. Ting! Kompyuta ikasema imeona kitu lakini haikijui, inataka kwanza programu yake. Boksini kuna sidii ya programu hiyo, lakini mlango wa sidii haufunguki tangu Jumamosi. Basi, ikasema, programu hiyo ipakuliwe kwenye intaneti. Nikaisoma mara tatu. Yaani nitafute intaneti ili nipate intaneti!

Timotheo akaniomba simu yangu na waya wa kuchajia. Nikadhani yake imeisha chaji. Akachomeka upande mmoja kwenye simu, upande mmoja kwenye kompyuta, akagusa kioo mara mbili, na intaneti ikaingia. Kupitia waya wa chaja! Bando langu mwenyewe! Simu niliyolala nayo wiki nzima! Sikuhitaji kidude, wala waifai ya usharika, wala magoti yangu kuumia kwa besi. Nikamwambia njia hiyo naijua, nilikuwa naiweka akiba.

Nikafungua mfumo wa chuo, naandika paswedi mara mbili nakosea. Ikafunguka. Jina la Blessing. Hali ya nafasi: imethibitishwa. Tarehe 24 Septemba.

Tarehe 24 ni Jumanne. Nikamwita Sarah. Akaja anafuta mikono kwenye kitenge, hana hata wasiwasi. Akasema ndiyo, Jumanne ile ile, nilipokuwa kwa kinyozi naeleza mpango wangu. Alitoa karatasi kwenye droo, akavuka barabara, dakika tano, akairudisha. Na Blessing je? Alipigiwa siku hiyo hiyo. Ijumaa alipiga ili asikie tu baba atasema nini. Na hivyo vigelegele vya dada yangu? Sarah akasema vile havikuwa vigelegele, walikuwa wanacheka.

Nikauliza kwa hasira kwa nini hawakuniambia. Sarah akasema nimekaa mbele kanisani kwa mara ya kwanza tangu harusi yetu. Yeye ni nani aingilie?

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Lakini jina la mtoto lilikuwa bado kwenye kioo, na neno imethibitishwa pembeni yake. Mtoto wangu anakuwa muuguzi. Machozi yakanitoka, nikashindwa kuyazuia. Nimelia mbele ya Timotheo, na ndiye aliyenipa leso. Hilo litaniuma mpaka Krismasi.

Jioni nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nimeamua kuwasamehe wote. Kufichana mambo ndani ya familia si vizuri, nimewaambia hivyo. Mimi sijamficha mtu kitu. Hata ile Ijumaa sikumdanganya mtoto. Nilimwambia tayari, na kweli ilikuwa tayari.

Sasa zimekuja fomu za kujiunga na chuo, kurasa kumi na moja, zinatakiwa zichapwe, zijazwe na zifike Mbeya Ijumaa. Wino wa printa yangu umeisha. Timotheo anao, kasema nivuke tu, ni dakika tano. Nimemwambia asijisumbue. Masizi ya sufuria yapo jikoni, mafuta ya alizeti yapo, na bomba la sindano Sarah atapitia famasi kesho asubuhi.