Moyo Niliouazima kwa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Kocha katuharibia siku. Katangaza uwanjani kwamba kila mkimbiaji aliyevuka arobaini akapimwe moyo zahanati kabla ya mbio za Jumamosi. Asiyepimwa hakanyagi mstari. Mimi nina arobaini na sita!

Na mwaka huu nimeapa kumshinda Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa rangi mwenye miguu mirefu kama ngazi zake. Miaka yote ananipita huku akinipungia mkono. Mke wangu humshangilia yeye. Eti ni kaka yake. Kwani mimi ni nani, mpangaji?

Jumanne, 4 Machi

Nimeuliza kundi letu la simu, Moyo wa Chuma. Watu mia mbili, wote wanajua kila kitu. Mwenye kundi, anayeuza unga wa kusafisha mishipa, kasema kile kipimo cha waya kinanyonya umeme wa moyo. Nikashtuka. Halafu nikafikiri kifundi. Mimi natengeneza redio, bwana! Betri ukiiunganisha waya, inaisha. Hesabu safi kabisa. Sipimwi ng'o!

Mke wangu kasema nikamuulize nesi wa zahanati, kasomea mambo hayo na hauzi unga. Nikamjibu kwamba nesi hajawahi kulehemu hata waya mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata akili! Shemeji ana thelathini na tano, halazimiki kupimwa, na moyo wake ni wa farasi. Apungukiwe umeme kidogo, wala hatajua. Tena Jumamosi atakuwa mzito. Faida juu ya faida! Nimemwomba aende zahanati kwa jina langu, nami nitamtengenezea spika yake. Akasita, akasema huo ni udanganyifu. Nikamkumbusha ni nani aliyekwenda kumposea mke. Akakubali, akaapa hatasema hata kwa dada yake.

Karudi jioni analalamika kwamba vibandiko vya kipimo vimemng'oa nywele za kifuani. Akajisifu pia: nesi kamwambia kwa mtu wa arobaini na sita amejitunza sana. Sifa hiyo ni yangu! Jina ni langu!

Alipopanda ngazi za kwangu kashika ukuta kidogo. Rangi za mafuta zile, zinalevya. Anaondoka leo hii kwenda kupaka jengo mji wa jirani, atarudi siku ya mbio.

Alhamisi, 6 Machi

Nesi kapiga simu. Sauti ya upole mno, sikuipenda. Katamka jina langu lote mpaka la babu, kisha akasema kipimo changu kimeonyesha mapigo yanayorukaruka, nisikimbie hata hatua moja mpaka nionwe na daktari wa moyo. Kauliza kama huwa naona kizunguzungu. Nikakiona palepale.

Nakufa! Mtu mwema kama mimi!

Nimelala. Mke wangu kalia, kanipikia supu, kaniita mpenzi, neno ambalo sijalisikia tangu tuzae. Kundi limenishauri nipake kitunguu saumu nyayoni na nisilalie ubavu wa kushoto. Nimepaka. Mke wangu kahamia sebuleni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka hai. Mke wangu akawa ananipangusa kifua kwa kitambaa, akasema vipimo vya siku hizi vizuri, havijang'oa hata unywele mmoja.

Nywele! Vibandiko! Moyo ule si wangu! Nikaruka kutoka kitandani, nikacheza, nikambusu. Halafu nikapiga hesabu. Kama si wangu, ni wa Shemeji. Nikampigia, simu imezimwa. Saa hiyo alikuwa anajipanga mstarini.

Nikatoka mbio na nguo za kulalia, nyayo zinanuka kitunguu. Sijawahi kukimbia vile! Kufika uwanjani, wakanivamia, kumbe nesi alishampigia Kocha kuhusu moyo wangu. Kocha kanilaza chini, mmoja kanishika miguu, mwingine ananipepea, wote wananisihi nisijiue. Napiga kelele kwamba mgonjwa si mimi, ni Shemeji. Wakasema maskini, kaanza kuweweseka. Naye Shemeji, mwaminifu wa kupitiliza, akakana katakata kwamba hajawahi kukanyaga zahanati. Si alikuwa ameniapia! Nikalia. Kweli nililia, mbele za watu, nikamwomba avunje kiapo kabla hakijamuua.

Ndipo akafika nesi na mkoba wake wa huduma ya kwanza, akamtazama Shemeji, akamsalimu kwa jina langu.

Mke wangu alikuwa ameshafika, viatu mkononi. Alivyoniangalia sitaandika hapa. Lakini Shemeji hakukimbia mbio zile.

Jumatano, 12 Machi

Daktari wa moyo kasema Shemeji ana hitilafu ya mapigo, pengine kazaliwa nayo. Inatibika! Ila Jumamosi angeweza kuanguka asiamke. Sasa ni dawa na mapumziko, kisha kutembea, halafu wataona.

Nesi katupeleka kwenye kikundi chake cha wanamichezo wenye matatizo ya moyo, chumba cha nyuma cha zahanati. Nilijua nakwenda msibani. Wapi! Wanacheka kuliko wageni wa harusi. Mwogeleaji mmoja kasimulia alivyokuwa akiogopa kulala asije asiamke. Shemeji, ambaye halalamiki kamwe, akasema naye huona giza mazoezini na hakuwahi kumwambia mtu. Mama mmoja wa mbio za baiskeli kamshika bega, kamwambia ametua mzigo sasa.

Nesi kasema ukisikia habari ya moyo, uliza anayesema kasomea wapi, na anauza nini. Wote wakanigeukia mimi. Nikajitoa Moyo wa Chuma hapohapo, wakanipigia makofi.

Njiani Shemeji kanikumbatia. Kasema nisingekuwa mwoga, yeye sasa hivi asingekuwepo. Mke wangu kaniita mpenzi, halafu kaniita mpumbavu. Nimepokea yote. Nina furaha mpaka nashindwa kula.

Ijumaa, 14 Machi

Kocha kanifungia mpaka nipimwe mimi mwenyewe. Nesi ananisubiri Jumatatu, na sura yangu sasa anaijua.

Nimeuliza kundi langu jipya, Moyo wa Dhahabu. Hili ni la kuaminika, mwenyewe hauzi unga, anauza mafuta. Wamethibitisha habari ya umeme.

Bahati nzuri kuna zahanati nyingine nyuma ya soko, hawanijui. Nimeshazungumza na Binamu, fundi bomba. Kifua kama pipa! Kakubali, nimtengenezee feni tu. Alipopanda ngazi za kwangu kashika ukuta kidogo, lakini ngazi zangu zenyewe mbaya.